Nilivyopatana Bei na Menenjaitisi

Jina la kwanza lilikuwa dogo. Liliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la binti yangu, na tabibu wa zahanati aliponirudishia lile daftari nilimwomba alisome kwa sauti, maana kitu kisichosomwa mbele yangu sikihesabu kuwa changu.

"Otaitisi," akasema. "Ni sikio, kwa ndani. Ndiyo maana linatoa usaha."

Akanipa vidonge vya siku saba, kutwa mara tatu, na kuniambia nimrudishe mtoto vikiisha. Usaha ulikauka siku ya nne. Nikaona siku tatu zilizobaki ni faida. Vidonge vilivyosalia nikavihesabu, tisa, nikavihesabu tena, tisa, nikavifunga kwenye nailoni na kuviweka juu ya kabati vije kutusaidia siku nyingine. Nilijipongeza. Kwenye nyumba yangu hakuna kitu kinachotumika chote.

Mimi nauza maharage na dagaa sokoni Kibondo, na wenzangu wa sokoni wanasema nahesabu mara mbili kwa sababu ya uchoyo. Siyo uchoyo, ni kambi. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi mimi nikiwa tumboni, nikazaliwa kambini, na kambini mtu aliyerukwa kwenye hesabu hakula. Asubuhi za mgao mama yangu, ambaye mpaka leo namwita mawe kama tunavyosema nyumbani, alitupanga mstari akatuhesabu kutoka mkubwa kwenda mdogo, kisha kutoka mdogo kwenda mkubwa. Tulikuwa sita. Baadaye homa ilipita kambini tukawa watano, kwa sababu mdogo wangu aliyenifuata alikufa, na mawe akaendelea kuhesabu mara mbili vilevile, kama vile safari ya kurudi ingeweza kumleta.

Sasa tuna uraia, tuna shamba Kumsenga, na mahindi yetu hayapangiwi foleni. Lakini nilitoka kambini na mambo mawili ambayo hakuna karatasi ya uraia inayoweza kuyafuta. Moja ni kuhesabu. La pili ni kwamba neno la kwanza la mtu mwenye meza si neno lake la mwisho. Ukiambiwa "haiwezekani," unasimama palepale. Ukiambiwa "kesho," unakaa chini. Ukiambiwa kumi, unatazama pembeni kama aliyesahau kwa nini alikuja, na mwenye meza anaanza kushuka. Nimelea mtoto kwa kanuni hiyo. Na kwa kanuni hiyo hiyo nilikaribia kumzika.

Mwezi haujaisha tangu ile otaitisi, Jumatano moja binti yangu alirudi shule kabla ya saa nne. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili, mtoto ambaye kwa kawaida huingia nyumbani akiwa ameanza kusimulia tangu barabarani. Siku hiyo aliingia kimya, akapanda kitandani na viatu, akajifunika khanga usoni. Nilipofungua dirisha akalia kwamba jua linamchoma machoni. Alitapika mara tatu, bila kichefuchefu, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo.

Mawe, ambaye anaishi nasi, alimpapasa shingo kisha akamwambia aachame.

"Ni kilimi hiki," akasema. "Kimekuwa kirefu. Akatwe."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kwetu kikilaumiwa hukatwa, na bibi anayekikata yuko ng'ambo ya kijito tu, ana kisu chake na unga wake wa majani.

"Mawe, shingo ndiyo inamuuma. Koo halina neno."

"Kilimi kikirefuka kinavuta shingo. Wewe ulikatwa, na mdomo wako unavyofanya kazi kila mtu anausikia."

Nilicheka, nikakataa. Nilijiona mtu wa kisasa sana. Nikampa panadol, nikarudi sokoni kwa sababu ilikuwa siku ya wanunuzi kutoka Kakonko, na nikauza madebe yote. Siku ile kila aliyenunua kwangu namkumbuka kwa sura, na kila mmoja wao namchukia bila kosa lolote.

Alhamisi asubuhi nilimwinua anywe uji, akainuka mzima kama ubao. Shingo haikukunjika. Alikuwa wa moto kiasi kwamba kiganja changu kiliendelea kuwa na joto baada ya kukiondoa.

Saa tatu tulikuwa hospitalini hapohapo Kibondo, mimi nimembeba mgongoni, mawe nyuma yetu na chupa ya uji. Daktari alikuwa kijana kutoka Tanga, Kiswahili chake kimelainishwa kama kanzu iliyopigwa pasi, na kila mwanamke alimwita "mama yangu". Alimlaza binti yangu chali, akamshika kisogo, akajaribu kumwinua kichwa taratibu. Kichwa hakikukubali, ila magoti ya mtoto yakapanda yenyewe, yote mawili, kama yamefungwa kamba moja na shingo. Daktari akakirudisha kichwa chini polepole sana. Alipogeuka hakuwa na uso aliokuja nao.

"Mama yangu, nadhani mtoto ana menenjaitisi."

"Ana otaitisi, daktari. Imeandikwa." Nikamfungulia daftari, nikaweka kidole palepale.

"Hiyo ilikuwa mwezi uliopita."

"Haijafutwa."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiye na muda. "Hii ya sasa ni homa ya uti wa mgongo. Inabidi tutoe maji kidogo mgongoni, tuyapime, na tumwanzishie sindano za dawa. Leo. Si kesho, si baada ya chakula cha mchana."

Sindano ya mgongo. Niliposikia hayo miguu yangu ilitaka kutoka nje kabla yangu. Ile homa ilipopita kambini niliona watoto wanne wa mtaa wetu wakikunjwa na kuchomwa mgongoni, na kati yao watatu tuliwazika. Nilikuwa nimewahesabu tangu utotoni, kwenda na kurudi: wanne, watatu. Hesabu yangu ya kwanza kabisa ya kutoa ilikuwa hiyo.

"Mgongoni hapana," nikasema.

"Mama, sindano ile haiui. Ugonjwa ndio unaoua."

"Huna jina lingine?"

"Jina lingine la nini?"

"La huu ugonjwa. Dogo kidogo kuliko hilo."

Alinitazama, akamtazama mawe kama anayeomba mkalimani. "Mama yangu, mimi siuzi."

"Kila mtu mwenye meza anauza."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasugua paji la uso. Halafu akafanya jambo ambalo leo najua lilikuwa la huruma na la akili. Akasema: "Basi sikiliza. Kipimo cha mgongo tukiweke pembeni. Niruhusu nimpe sindano ya dawa tu, kwenye mshipa, sasa hivi. Hayo mengine tutazungumza yeye akiwa na dawa mwilini."

Na hapo ndipo aliponipoteza. Miaka yangu yote ya soko ilisimama ndani yangu ikapiga kelele. Muuzaji anayeshusha haraka hivyo, gunia lake lina mchanga chini. Dakika moja iliyopita bila maji ya mgongo mtoto anakufa, sasa maji ya mgongo yanawekwa pembeni? Nikajiambia kwamba huyu kijana hana uhakika, ametaja jina kubwa kama bei ya mgeni, na nikisogea hatua mbili kuelekea mlangoni atafika mpaka otaitisi.

Nikasogea hatua mbili. Hakushuka tena. Akaleta karatasi ya mtu anayekataa matibabu, na alipoona naisoma ndipo sauti yake ikapanda.

"Mama, utamuua mtoto kwa ubishi!"

Nikatia sahihi. Nilisoma mara mbili, nikatia sahihi mara moja.

Alitufuata mpaka barazani. "Mnakwenda wapi sasa?"

"Kasulu."

"Kasulu kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Daktari mwingine."

"Atakwambia hayahaya!"

"Basi nitakuwa nimesikia mara mbili."

Nilipenda jibu langu. Nililipenda mpaka tulipofika stendi.

Gari la Kasulu lilichelewa kuondoka. Ndani ya kusubiri huko baba wa mtoto akapiga simu. Alikuwa Nyabibuye akilima muhogo, mahali ambapo mtandao unapatikana mtu akisimama juu ya kichuguu kimoja maalumu, na sauti yake ilikuja na upepo.

"Wamesema ni nini?"

"Sikio," nikasema.

"Lilelile?"

"Lilelile."

"Aa, afadhali. Mwambie nitamletea miwa."

Mawe alinisikia. Akakunja midomo. Njiani nilihesabu pumzi za mtoto. Nilichagua mti mbele, nikahesabu mpaka tuupite, nikachagua mwingine. Baada ya Makere hakufumbua tena macho nilipomwita. Nilimfinya. Akavuta mkono wake, na kwa huo mkono uliovutwa nilimshukuru Mungu kwa sauti, na abiria wa mbele akageuka.

"Anaumwa nini, dada?"

"Sikio," akajibu mawe, kabla yangu, kwa sauti ya mtu anayetema kitu kichungu.

Hospitali ya Kasulu tuliingia saa kumi. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mtu wa Moshi, miwani yake inaning'inia kwa uzi, na hakuwa na "mama yangu" wala nani wangu. Nakala ya ile karatasi ya Kibondo niliikunja ikaingia ndani ya blauzi. Mnunuzi mwenye akili haonyeshi mahali pengine ameambiwa ngapi.

"Anaumwa nini?"

"Sikio, daktari."

Akamshika kisogo. Nilitazama magoti. Niliyaomba yatulie, niliyaomba kama watu: tulieni, tulieni. Yakapanda, yote mawili, palepale yalipopandia Kibondo.

"Menenjaitisi," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Shingo yake."

Kuna kitu kila mfanyabiashara anakijua, hata asiyejua kusoma. Masoko mawili ambayo hayajapigiana simu yakikutajia bei moja, hiyo ndiyo bei. Hakuna tena pa kwenda. Nikakaa sakafuni, nikaitoa ile karatasi kifuani ikiwa imelowa jasho, nikampa. Aliisoma, akatazama saa ya ukutani.

"Saa tatu asubuhi ulikuwa kwa daktari. Sasa saa kumi."

Masaa saba. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, nikitumaini yatakuwa sita.

"Ulikataa kwa nini?"

Nikamwambia. Watoto wanne wa kambini, watatu waliozikwa. Nesi alikuwa tayari anafunga mpira kwenye mkono wa mtoto kutafuta mshipa, sikumzuia. Daktari alisikiliza huku anavaa glavu, kisha akauliza bila kunitazama:

"Na wale ambao hawakuchomwa mgongo, walikufa wangapi?"

Nilifungua mdomo. Mimi ninayehesabu punje zinazodondoka debe likipimwa. Mimi ninayejua kuna ngazi ngapi mpaka ofisi ya kata. Sikuwa na namba. Sikuwahi kuwahesabu. Wale wanne niliwaona kwa sababu walipita mbele yetu wakiwa wamebebwa, na tulikimbia nyuma yao kutazama. Wengine walikufa ndani ya mahema ambamo hakuna aliyekimbilia kutazama, wengi, wengi tu, mpaka mafundi wa majeneza wakaishiwa mbao.

"Hata wetu," akasema mawe, akiwa amesimama mlangoni na ile chupa ya uji. "Wetu hakuchomwa popote. Alilala tu shingo imekauka, nikasema kilimi."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilisema. Daktari alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mtoto. "Mshikeni," akasema.

Tulimlaza ubavu tukamkunja, magoti yagusane na kidevu kadiri shingo ilivyokubali. Mgongo ulijitokeza, mifupa imepangana kama shanga chini ya ngozi. Nilimshika mabega. Mawe alishika miguu na kusema oya, oya, mwana wanje, hapana, hapana mwanangu, ingawa hakuna aliyekuwa akimfanyia vibaya. Sindano iliingia. Mtoto alitoa mlio mdogo, ndipo nikajua bado yumo.

Nesi alikuwa amenidokeza: maji yakitoka maangavu ni heri. Nilitaka yatoke kama maji ya chemchemi. Tone la kwanza likaning'inia, likaanguka kwenye kichupa. Lilikuwa la rangi ya maji yaliyooshewa mchele. La pili hivyohivyo. Nilihesabu mpaka ishirini na hakuna hata moja lililobadilika. Nilikuwa bado nangoja moja lishuke bei.

Tulikaa wodini siku kumi na nne. Sindano asubuhi, sindano jioni, na mimi kila kichupa kilichomalizika nilikiomba nikakipanga chini ya kitanda, mpaka nesi akaniuliza nafungua duka gani. Sikutaka tena kitu kibaki. Kila kichupa nilikiinua kwenye mwanga kuhakikisha hakuna tone lililosahaulika.

Kina mama wa wodi ile hatukuwa na muda wa majina. Tuliitana kwa magonjwa ya watoto wetu, kama yalivyoandikwa kwenye mafaili. Kulikuwa na mama Nefraitisi, mwanawe amevimba uso kwa sababu ya figo, na mama Hepataitisi, mtoto macho ya njano kama kiini cha yai. Kulikuwa na mama mmoja kutoka kambini, Kiswahili chake cha Kongo, ambaye mwanawe alipasuliwa tumbo. Huyo tulimwita mama Peritonaitisi, na kwa kuwa lilikuwa refu alidai apishwe kwanza kwenye maji ya moto.

"Mama Menenjaitisi!" anaita. "Kuya huku, maji imefika! Utabakia kuchunga chupa zako tu?"

"Niwekee ndoo."

"Ndoo moja? Ao mbili? Weye unahesabuka kila kitu mara mbili, nikuletee mbili?"

Walicheka, nami nikacheka, kicheko cha watu waliokaa mabenchi ya mbao siku tano. Kona ya mwisho alikuwapo mama Nyumonia, aliyelalamika kwamba jina lake halina mkia wa "itisi" kama yetu, ametengwa. Siku mtoto wake alipofunikwa shuka mpaka usoni hatukumwita hivyo tena. Hatukujua tumwite nani. Alibeba beseni lake akapita katikati yetu.

Siku ya sita binti yangu alifumbua macho na kuomba maji. Wodi nzima ilipiga vigelegele. Mawe aliimba. Mama Peritonaitisi alipiga sufuria kwa mwiko. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, midomo yetu, mikono yetu, kisha akauliza kwa sauti ya kupaza, sauti ya mtu aliye ng'ambo ya kijito:

"Mama! Mbona mnanong'ona?"

Mwiko uliacha kupiga sufuria.

Kesho yake daktari alikuja na kijichuma chenye ncha mbili kinacholia kama nyuki. Alikigonga, akakiweka sikio la kushoto. Hakuna. Akakiweka la kulia. Mtoto akakunja uso kama anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya tatu. Kidogo. Daktari akaandika, na mimi nikamwuliza swali nililokuwa nimelilea tangu nilipoanza kusikia majina ya wenzangu.

"Haya majina yetu, daktari. Yote yana mkia mmoja. Ni ukoo?"

Nadhani alifurahi kuulizwa kitu kisichokuwa "atapona lini". Akavua miwani. "Ni Kigiriki. Oto ni sikio. Nefro ni figo, hepato ni ini. Menings ni utando, ule unaofunika ubongo na uti wa mgongo."

"Na mkia?"

"Zamani sana mkia ule ulikuwa na maana ya 'wa' tu. Ugonjwa wa sikio, ugonjwa wa figo. Kisha watu wakaacha kulitaja lile neno ugonjwa, ukabaki mkia peke yake. Siku hizi ukiusikia ujue kiungo hicho kimevimba na kinawaka."

"Kwa hiyo otaitisi na menenjaitisi ni moto mmoja, mahali tofauti."

"Mara nyingine, ndiyo. Unahama."

"Kutoka sikioni mpaka kwenye utando ni mbali?"

"Kuna mfupa katikati. Kwa mtoto ni mwembamba. Mahali pengine kama ganda la yai." Halafu, kwa sababu hakuwa mtu wa kulainisha: "Alimaliza dawa za sikio?"

Vidonge tisa, juu ya kabati, kwenye nailoni.

"Hakumaliza," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumpa mtu mwenye meza bila kulipandisha wala kulishusha.

Nilitoka nje, nikatembea mpaka mahali ambapo simu ilishika vizuri, nikampigia baba yake. Hakupatikana. Nikapiga tena, nikapiga, mpaka akapanda kichuguu chake.

"Haikuwa sikio," nikamwambia. Nikamtajia jina zima. Nikamtajia karatasi niliyoitia sahihi, na masaa saba, na vidonge. Upepo wa Nyabibuye ulivuma muda mrefu kwenye simu.

"Nimekwisha kata miwa," akasema. Kisha mtandao ukakatika, au alishuka.

Alikuja. Hakunipiga, hakunitukana, angefanya hivyo ningejua la kujibu. Alikaa upande wa kulia wa mtoto akimmenyea miwa, na tangu siku ile sisi sote tunakaa upande wa kulia.

Tuliporuhusiwa daktari alinionya. La kushoto lisahau. La kulia liangalie sana, maana homa hii ikigusa sikio la ndani, sikio linaweza kuendelea kupungua hata baada ya ugonjwa kwisha, na kukitokea badiliko lolote mlete siku hiyohiyo, kuna mambo yanawezekana mapema tu. Nikamwuliza kama la kushoto halirudi hata kidogo.

"Hata kidogo."

"Hata baada ya mwaka?"

"Mama."

Nikafunga daftari.

Nyumbani nilibuni kipimo changu. Kila Jumapili tukitoka kanisani namsimamisha binti yangu uani, uso ukutani, mimi nyuma yake na kopo la maharage. Natikisa. Akisikia anainua mkono. Mwanzo alisikia kwa hatua tano. Nilizipima kwenda, nikazipima kurudi. Miezi miwili zikabaki tano, na nikaanza kulala usingizi wangu.

Jumapili ya wiki iliyopita nilitikisa kwa hatua tano, akainua mkono upesi. Upesi mno. Mtu anayesikia kwa shida hungoja kidogo, huinamisha kichwa, hujiuliza. Nikasimama pale na kopo langu. Jua la asubuhi, bado la chini, lilikuwa nyuma yangu. Nikainua kopo juu, kimya, sikulitikisa hata kidogo.

Akainua mkono.

Kivuli changu kilikuwa ukutani mbele yake, na mkono wa kivuli ulikuwa umepanda.

Nilitazama ule mkono mdogo ukiwa juu, umenyooka, unangoja nifurahi. Sijui alianza lini. Sijui ni Jumapili ngapi kati ya zile nilizolala vizuri zilikuwa za kivuli. Mawe alikuwa kizingitini akipeta mchele, ungo ukasimama mikononi mwake.

Nikamzungusha upande wenye kivuli cha nyumba, ukuta ukawa mtupu. Hatua tano, nikatikisa. Hakuna. Nne. Hakuna. Tatu. Nilitikisa mpaka maharage yakaruka nje ya kopo yakatawanyika mavumbini, naye amesimama wima, mgongo wake umenyooka, anangoja ishara. Kwa hatua moja akainamisha kichwa, akangoja, akajiuliza, akainua mkono nusu.

Nilimgeuza. Aliniangalia mdomoni kabla sijasema.

"Nimekosea?" akauliza, kwa ile sauti ya ng'ambo ya kijito.

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Labda ni vumbi, limeziba," akasema mawe nyuma yangu, taratibu, kama anayejaribu bei. "Labda tungoje Jumapili nyingine, tuone."

Hatua moja. Sikupima mara ya pili. Nilimvisha mtoto sweta, kwa sababu Kasulu kuna ukungu, nikachukua daftari lake, na kopo nikaliacha palepale uani limelala. Jumapili ile magari yalikuwa machache. Tulisimama stendi, mimi upande wake wa kulia, mdomo wangu karibu kabisa na sikio lake, nikimwambia jina la kila gari lililopita, kwa sauti, ili kama kuna kitu bado kinaingia, kiingie.